Boza, Bomba la Gata na Jamvi Lililotitia

Asubuhi moja ya Januari 2024 tumbo la gari langu lilikwaruza zege nilipokuwa nikirudi nyuma kutoka upenuni, mahali ambapo kwa miaka minane nilikuwa nikipita bila hata kupunguza mwendo. Nilishuka, nikainama kutazama. Kona ya jamvi, yaani bamba la zege ninalopitishia gari, iliyo karibu na tangi la maji ilikuwa imeshuka kiasi cha vidole vitatu, na ufa ulioitenga na sehemu iliyobaki ulikuwa na upande mmoja juu na mwingine chini, mfano wa kidato cha ngazi. Mvua za El Nino zilikuwa zimetunyeshea tangu miezi ya mwisho ya 2023, barabara za mtaani zilikuwa zimechimbika vibaya, na kila niliyemsimulia habari hiyo alinijibu kwa huruma kwamba ni mvua tu. Nilikubali. Ilinichukua miezi saba, mifuko miwili ya saruji iliyopotea bure na uchimbaji wa siku mbili kutambua kwamba mvua ilifika mwisho kabisa, baada ya wengine kumaliza sehemu kubwa ya kazi.

Nyumba yetu ipo Goba, jijini Dar es Salaam, upande ambao ardhi inateremka kuelekea bondeni na udongo ni mwekundu, wenye mchanga mwingi na mfinyanzi kiasi. Ukikauka, udongo huo huwa mgumu hata sururu inaruka. Ukilowa na maji yakapata njia ya kupita, huyeyuka na kuondoka kama sukari, na ndiyo maana makorongo ya Goba, Kimara na Mbezi huongezeka upana kila masika. Nyumba imekaa juu, geti lipo chini. Kutoka upenuni hadi getini ni mita 24, ambazo 18 za juu ni jamvi la zege lenye upana wa mita 3, lililomwagwa mwaka 2016 tulipohamia, na 6 za chini ni vitofali vya pevingi vilivyoongezwa mwaka uliofuata fedha ilipopatikana.

Wale watakaonikumbusha methali ya ufa na ukuta wajue kwamba ufa wangu niliuziba, tena mara tatu. Mara ya kwanza nilipiga niru, yaani rojo la saruji na maji, mwenyewe kwa mwiko wa kuazima. Ilidumu wiki mbili. Mara ya pili kijana mmoja wa mtaani alichanganya mchanga na saruji, akausawazisha ule mteremko wa kona kwa plasta nene ili gari lisikwaruze tena, na kwa kweli ilipendeza macho. Baada ya mwezi mmoja plasta ilikuwa imebanduka vipande vipande kama maganda ya mkate, kwa kuwa saruji mpya iliyopakwa kwa wembamba juu ya zege la zamani, ambalo lina vumbi na alama za mafuta ya gari, haina cha kushika, na zege lililokuwa chini yake lilikuwa bado likishuka. Mara ya tatu sitaieleza, maana ilikuwa ni kurudia ya pili kwa saruji nyingi zaidi.

Fundi mwashi niliyemwita mwezi Agosti, msimu wa kiangazi ulipokuwa umekolea, alikuwa mtu mzima asiyependa kuharakishwa. Hakuja na vifaa vyovyote isipokuwa nyundo ndogo, kipande cha chaki na mpira mwembamba wa maji, ule unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi wetu hupimia usawa wa sehemu mbili zilizo mbali. Nilitarajia aniambie bei. Badala yake alianza kutembea polepole kutoka juu hadi chini, akigonga jamvi kila baada ya hatua moja na kusikiliza.

"Mwalimu," aliniambia alipofika nusu, "hizi nyufa zako si za ugonjwa mmoja. Nyingine hazina tatizo lolote."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niache kuziona nyufa kama jambo moja. Katika mita zile 18 zilikuwapo nyufa nne zilizokatiza jamvi kutoka ukingo hadi ukingo, zikiwa zimeachana kwa umbali unaokaribia kulingana, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita moja hadi mbili, na pande zake zote mbili zikiwa sawa kimo. Hizo, alieleza, zilikuwapo tangu mwaka wa kwanza, nami sikuziona kwa kuwa zilikuwa nyembamba. Zege hunywea linapokauka. Kiasi hutegemea maji yaliyotumika na hali ya hewa, lakini makadirio ya kawaida ni takriban nusu milimita kwa kila mita moja, na kwa hiyo jamvi la mita 18 linataka kupungua kwa milimita 9 hivi. Kwa kuwa ardhi inalishika kwa chini lisiteleze, zege halina budi kukatika mahali fulani ili lipate nafasi yake. Nilizijumlisha nyufa zangu nne kwa rula ya shuleni nikapata milimita 7. Hesabu haikuwa mbali.

Fundi anayejua kazi huliwahi zege kabla halijachagua pa kukatika. Hulikatia mistari ya viungio kila baada ya umbali unaolingana na mara 24 hadi 30 ya unene wa jamvi, maana yake kila mita 2.4 hadi 3 kwa jamvi la milimita 100, na kina cha mstari kiwe angalau robo ya unene. Ufa bado hutokea, ila hutokea chini ya mstari, usipoonekana. Jamvi langu halikukatwa mstari hata mmoja, na nakumbuka vizuri kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyetaka liwe "safi, bila michoro".

Palikuwa pia na mtandao wa nyufa nyembamba kama nywele karibu na mlango, mithili ya gamba la kobe, ambao haukuwa na kina hata cha kuingiza ukucha. Huo husababishwa na uso wa zege kukauka haraka kuliko tumbo lake, hasa pale mafundi wanaponyunyizia saruji kavu juu ili liteleze na kung'aa, kisha jua la saa sita likalipata bila kufunikwa. Unachusha, lakini haudhuru. Kulipia mtu auzibe ni kutupa fedha.

Kona iliyotitia ilikuwa habari nyingine kabisa. Kwanza, ufa wake haukukatiza jamvi kwa mkato bali ulikwenda mshazari, ukianzia ukingo mmoja na kutokea ukingo wa pili, ukimega pembe. Pili, pande zake zilipishana kimo. Tatu, na hili ndilo lililomfanya fundi atulie, nyundo iliyokuwa ikilia "ti, ti" njia nzima ilipofika pale ilianza kulia "du, du", kama mtu anayegonga mtungi mtupu. Alizungusha chaki pale sauti ilipobadilika, na mchoro aliouacha ulikuwa mkubwa kuliko kona yenyewe: karibu mita 6 za urefu, upana mzima wa njia. Kisha aliomba ndoo mbili za maji. Alizimimina taratibu juu kidogo ya ufa, tukasimama tukitazama. Maji yaliteremka, yakafika kwenye ufa, yakazama yote. Hatukuyaona yakitokea popote.

Hapo ndipo aliponiuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza kwa miezi saba: ni gari gani zito linaloingia humu?

Jibu langu la haraka lilikuwa kwamba hakuna, kisha nikanyamaza. Mwaka 2022, ukame uliposhusha kina cha Mto Ruvu na mgao wa maji ukatangazwa jijini, sisi wa Goba tulinunua maji kwa maboza, na kwa miezi mitatu hivi boza la lita 10,000 lilikuwa likirudi nyuma karibu kila wiki hadi kwenye kona ile, kwa sababu tangi liko pale. Maji hayo peke yake ni tani 10, bila kuhesabu lori. Jamvi lilikusudiwa gari dogo la familia lenye uzito wa tani moja na nusu hivi.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa kugawanya tu. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walijenga vipande vya barabara karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wakapitisha malori yenye uzito unaojulikana usiku na mchana ili waone kila uzito unaharibu kiasi gani. Kutokana na matokeo ya jaribio hilo, linalojulikana kama AASHO, ilipatikana kanuni ya makadirio inayotumika hadi leo: madhara ya ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli yenye uzito maradufu huumiza mara 16, wala si mara mbili. Ekseli ya gari langu hubeba kama tani 0.7, ekseli ya nyuma ya boza lililojaa hufikia tani 10. Ukigawanya, kisha ukazidisha jibu mara nne kwa lenyewe, unapata zaidi ya mara 40,000. Kanuni hiyo ilitokana na barabara kuu, na sidai kwamba inaeleza uani kwangu kwa usahihi wa kimaabara, lakini hata ukiipunguza mara kumi inabaki kwamba boza moja liliumiza kona ile kuliko gari langu lilivyoweza kuiumiza kwa miaka kadhaa ya kuingia na kutoka. Aidha, kona na ukingo ndizo sehemu dhaifu za jamvi lolote, kwa kuwa mzigo ukiwa katikati husambaa pande zote, ila ukiwa ukingoni unakosa upande wa pili wa kuusaidia. Boza lilikuwa likikanyaga hasa pale.

Kwa hiyo ufa ulikuwapo tangu 2022, mwembamba, bila mimi kuutilia maanani. Swali lililobaki lilikuwa maji, na hapo fundi hakuhitaji kusema neno. Alinyanyua tu kidole kuelekea paani. Bomba la gata la upande ule lilishuka ukutani hadi kimo cha goti, likamwaga maji yake moja kwa moja kwenye ukingo wa jamvi, hatua moja kutoka kwenye kona. Awali liliingizwa tangini. Tangi lilipobadilishwa, bomba lilikatwa, nasi tukaliacha hivyo hivyo. Bati zetu zinafunika takriban meta za mraba 150, na nusu ya paa inamwaga upande huo. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa Dar es Salaam wakati wa masika si ajabu kunyesha kwa siku moja, ikidondoka kwenye meta 75 za mraba inatoa lita 3,750. Ni karibu matangi manne ya lita 1,000, yote yakimwagwa mahali pamoja penye upana wa sufuria, kando ya zege lililokwisha kupasuka. Hapo mvua inashtakiwa kwa kosa la bomba. Laiti maji yale yangeanguka kutoka mawinguni yakasambaa kiwanja kizima, kona isingepata hata sehemu ndogo ya kiasi hicho.

Siku ya kuvunja tulianza alfajiri. Vijana wawili, saidia fundi, walikata mpaka kwa mashine ya kukatia zege kufuata mstari ulionyooka nje ya chaki, kisha wakavunja kwa nyundo kubwa na mtaimbo. Zege lilitoka kirahisi kuliko nilivyotegemea, nasi tukaona sababu tulipolipima: pale palipopaswa kuwa milimita 100 palikuwa na 90 katikati na 70 kwenye kona. Chini yake hapakuwa na mawe, hapakuwa na kifusi kilichoshindiliwa, palikuwa na mchanga uliomwagwa juu ya udongo na kusawazishwa kwa reki. Na kwenye kona yenyewe palikuwa na pango. Kijana mmoja aliingiza mkono hadi begani.

Pango hilo halikutokana na maji peke yake. Ndani yake palikuwa na unga mweusi laini, vipande vya magamba ya mti na vichuguu vya mchwa vilivyopanda kuta zake kama mishipa. Nilivitambua mara moja, kwa kuwa mwembe uliokuwa mahali pale niliukatisha mwenyewe mwaka 2015 ili kupisha ujenzi, na kwa kubana matumizi niliamua kisiki kisichimbuliwe bali kikatwe usawa wa ardhi, kifunikwe. Kung'oa kisiki kulikuwa na gharama, kufunika hakukuwa nayo. Mchwa walikifanyia kazi kwa miaka minane bila kudai ujira, wakakigeuza kuwa tundu, na jamvi langu jembamba likabaki limening'inia juu ya tundu hilo likisubiri boza.

Ningependa kusema kwamba niliona aibu, lakini ukweli ni kwamba nilihisi afadhali. Kwa miezi saba nilikuwa nikimnung'unikia mwashi wa 2016, na kweli alikuwa na makosa yake ya unene na ya msingi, ila jamvi lake lingeweza kuishi miaka mingi zaidi kama mimi nisingelizikia kisiki, nisingelikatia bomba na nisingelipandishia boza.

Kujaza upya ndiko kunakostahili subira, kwa kuwa ndiko kusikoonekana baadaye, na ndiko ambako kila mtu, mwenye nyumba na fundi kwa pamoja, hushawishika kupunguza. Tulichimba hadi tukakuta udongo ambao mtaimbo ulikuwa unagota, tukatoa mabaki yote ya kisiki na mizizi yake minene, na dawa ya mchwa ikapulizwa. Tulijaza moramu kwa tabaka za sentimita 15 na kushindilia kila tabaka kwa kompakta ya kukodi kabla ya kuweka linalofuata. Nimeona watu wakijaza shimo la nusu mita kwa mkupuo mmoja, kisha wakashindilia juu mpaka pang'ae. Mashine ndogo haifiki chini, na kinachobaki ni udongo mlegevu uliofunikwa kwa kofia ngumu. Unyevu nao una kipimo chake. Fundi alikuwa akifumbata konzi ya moramu: ikishikamana bila kuacha maji kiganjani na ikavunjika vipande viwili au vitatu inapoangushwa, iko tayari, ikitawanyika kama vumbi inyunyiziwe, ikibonyea kama tope ianikwe. Juu ya moramu yalifuata mawe na kokoto za kujazia, sentimita 10, zikashindiliwa vilevile, kisha karatasi ya nailoni nzito ili udongo usinyonye maji ya zege jipya.

Kwa kuwa siwezi kuapa kwamba mgao wa maji hautarudi, tuliamua sehemu hii mpya iwe na unene wa milimita 150 pamoja na wavu wa nondo, ule ambao madukani huitwa BRC. Wavu nao una elimu yake. Ukilazwa chini kabisa, kama unavyolazwa mara nyingi kwa ahadi kwamba "tutauinua wakati wa kumwaga", unabaki chini, unagusana na unyevu, unapata kutu, na hausaidii chochote kuzifunga nyufa za juu. Sisi tuliukalisha juu ya vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, ili uwe katika theluthi ya juu ya jamvi, huku ukifunikwa na zege lisilopungua sentimita 4.

Eneo lilikuwa mita 6 kwa 3, ambalo kwa unene huo linahitaji meta za ujazo 2.7 za zege. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne tulitumia mifuko 18 ya saruji ya kilo 50. Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35 hivi, na kwa hiyo kila mfuko unachukua ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo zikiwa za lita 20 na zikisawazishwa kwa ubao, si zile zinazojazwa mlima. Mchanga ulikuwa wa mtoni. Mchanga wa ufukweni, ambao mtu wa pwani huuona umejaa bure mbele ya macho yake, una chumvi inayokula nondo, na ukiutumia utaona michirizi ya kahawia ikichuruzika kwenye zege baada ya miaka michache.

Palipokuwa na ubishi ni kwenye maji. Mfuko mmoja unahitaji lita 25 kwa zege imara, pungufu kidogo ikiwa mchanga umelowa, na zege la kiasi hicho ni zito, linafanana na ugali wa moto unaoanza kushikana. Wanaolisukuma kwa chepe hawalipendi. Kila nilipogeuka nyuma nilikuta mtu ameshika ndoo akitaka kulilainisha liwe uji, lijipeleke lenyewe, na kila mara fundi alimkemea kwa sauti ileile isiyopanda. Maji ya ziada hayaingii katika saruji. Hukauka yakaacha vitundu, na vitundu hivyo ndivyo udhaifu, ndivyo pia kunywea kunakozidi. Nililazimika kusimama kando ya pipa la maji asubuhi nzima. Sijawahi kufanya kazi rahisi yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Tulimaliza kumwaga kabla ya saa tano, uso ukapigwa ubao na kufagiliwa kwa ufagio mgumu ili uwe na mikwaruzo ya kushika tairi, wala hatukuunyunyizia saruji kavu. Kipande kile kilikatwa mstari mmoja katikati kwa mashine kabla saa 24 hazijapita, kina cha milimita 40. Kati ya jamvi jipya na ukuta wa nyumba, na kati yake na jamvi la zamani, tuliacha nafasi ya milimita 12 iliyojazwa kitu laini na kuzibwa juu kwa silanti ya poliurethani, gundi laini ya kuzibia, kwa maana zege hupanuka mchana likipigwa na jua, na likikosa pa kwenda hubana ukuta. Kuanzia jioni hiyo lilifunikwa kwa magunia ya katani, nayo yakawa yanalowanishwa asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba. Gari lililala nje kwa majirani siku 14, ingawa binti yangu aliniambia kwamba zege lilikuwa gumu tangu siku ya pili na mimi nilikuwa ninajitesa. Gumu kwa kukanyagwa na mguu lilikuwa kweli. Nguvu inayotarajiwa ya zege hupimwa siku ya 28, na wiki mbili za mwanzo ndizo linapozipata nyingi.

Zile nyufa nne za zamani hatukuzipiga niru. Ufa wa kunywea hupumua kila siku, ukijifunga mchana kwa joto na kujifungua usiku, na chochote kigumu utakachokitia humo kitabanduka. Tulizipanua kidogo kwa patasi, tukapuliza vumbi, tukajaza silanti ileile inayonyumbulika. Hazipendezi, zinaonekana kama makovu meusi, lakini maji hayaingii.

Pevingi ya karibu na geti ilikuwa na shida ndogo mbili. Vitofali vilikuwa vimebonyea pale tairi linapopita, na vya ukingoni vilikuwa vinakimbia kuelekea nje. La pili ndilo lililozaa la kwanza. Pevingi haina nguvu kwa kitofali kimoja kimoja. Nguvu yake ni kubanana, na mwaka 2017 hatukuweka kabistoni, yaani mawe ya zege ya kuzuia ukingo, upande wa bustani, kwa hiyo kila gari lilipopita vitofali vilisogea unywele mmoja na mchanga wa katikati ukamwagika. Viling'olewa, vikapangwa kando, moramu ikaongezwa na kushindiliwa. Watu wengi hujazia mchanga pale palipobonyea, nao ni kosa, kwa maana mchanga wa kulazia haupaswi kuzidi sentimita 3 hivi. Ukiwa mnene, tairi huuchonga na shimo linarudi. Kabistoni zilisimamishwa juu ya zege, vitofali vikarudishwa kwa kusukana kama ukili badala ya safu zilizonyooka, ili tairi linapofunga breki lisipate mstari wa kusukuma, na mchanga laini mkavu ukafagiliwa hadi ukajaa katika kila nafasi. Vya unene wa milimita 60 vinatosha kwa gari dogo. Anayetarajia malori anunue vya 80.

Upande wa kushoto wa geti kuna mkungu ambao mzizi wake mmoja umeinua vitofali vitano. Fundi alitaka kuukata. Nilimzuia, kwa kuwa mzizi huo una unene wa mkono na unatoka karibu sana na shina. Kukata mzizi mkubwa ndani ya umbali unaopungua mara tatu ya kipenyo cha shina kunaweza kuuangusha mti wote siku ya upepo, na mti huu ukianguka utaangukia ama geti ama jirani. Tuliondoa vile vitofali vitano, tukaacha duara la udongo na kokoto. Mke wangu anaona ni uzembe. Huenda ni kweli.

Bomba la gata lilikuwa la mwisho na la bei ndogo kuliko yote: kiungo kimoja cha plastiki, mita nne za bomba, nusu siku ya kazi. Sasa maji yanaingia tangini, na yanayofurika yanapelekwa kwenye mtaro ulio kando ya njia, uliojengwa kwa tofali na kutandikwa zege, unaoshuka hadi nje ya geti. Uso wa jamvi jipya nao una mteremko wa pembeni kuelekea mtaro huo, sentimita 6 kwa upana wa mita 3, ambao ukiutazama kwa macho hauonekani, na ambao fundi aliuhakikisha kwa mpira wake wa maji mara tatu kabla ya kumwaga.

Masika ya 2025 nilikuwa ninatoka na mwavuli kila mvua kubwa iliponyesha, nikisimama pale konani kama mlinzi. Maji yalipita juu, yakaingia mtaroni. Mwanzoni mwa mvua hizo nilikuwa nimechora mstari wa chaki mwishoni mwa kila ufa wa zamani na kuandika tarehe, kama nilivyomwona fundi akifanya. Chaki ikifutika ninaandika upya. Nyufa tatu zimesimama palepale. Wa nne, ulio karibu zaidi na kona, umerefuka kwa sentimita 2 tangu Machi, na pande zake bado ziko sawa kimo. Nimeugonga kwa nyundo, unalia "ti". Boza likija sasa linasimama nje ya geti na kuvuta mpira mrefu, jambo ambalo dereva hulilalamikia kila mara na kuliongezea bei.